Nguchiro wa Kirichwa

Mirkati hayupo Kenya, na hajawahi kuwepo. Yule mnyama mwembamba anayesimama wima kwa miguu ya nyuma, mikono imelala kifuani, macho yamezungukwa na weusi, kwao ni kusini mwa Afrika: Botswana, Namibia, Afrika Kusini na pembe ya kusini-magharibi ya Angola. Hata hivyo ukiuliza mtoto yeyote wa Nairobi atakwambia anamjua. Tangu filamu ya The Lion King ilipotoka mwaka 1994, mirkati wake Timon ameishi katika sebule zetu pamoja na rafiki yake ngiri, Pumbaa, na kwa kuwa humo wamo wanaoitwa Simba na Rafiki na wanaimba hakuna matata, mtoto anaona hayo yote ni ya hapahapa nyumbani.

Nilisikia jina la Timon likiitwa pale Arboretum, Jumamosi moja saa nne asubuhi. Familia ilikuwa imetandika leso chini ya mti karibu na daraja dogo la mto Kirichwa Kubwa. Chapati zilikuwa zimefunguliwa, na tumbili wawili walikuwa tayari wameshuka tawi la chini kupiga mahesabu. Kitu kikavuka njia. Kilikuwa chembamba, cha rangi ya kahawia iliyoiva, kirefu kama mkono wa mtu mzima ukihesabu mkia, na ncha ya mkia huo ilikuwa nyeusi tititi, imepindwa juu. Kilisimama katikati ya njia, kikageuza kichwa kututazama, kikaingia kwenye magugu ya ukingoni.

“Timon!” msichana wa miaka kama sita akapiga kelele. “Mami, Timon!”

Mama yake hakuinua hata kichwa. “Huyo ni nguchiro, mama. Kule kwa cucu walikuwa wanamaliza kuku.”

Basi yote niliyotaka kuyaandika yalikuwa ndani ya maneno hayo mawili, la mtoto na la mama. Mmoja anamjua mnyama wa mbali asiyewahi kumwona. Mwingine anamjua wa hapa kama mwizi wa kuku tu. Nguchiro niliyemwona anaitwa na wataalamu nguchiro mwembamba. Huwinda peke yake, mchana, na anapenda mahali penye vichaka karibu na maji. Hula panzi, panya, mijusi, mayai, na nyoka akimpata. Yeye na mirkati ni wa ukoo mmoja, binamu waliotengana zamani sana. Kenya hii ina nguchiro wa aina nyingi, na kadhaa kati yao wamezaliwa na kukulia ndani ya mipaka ya jiji.

Arboretum yenyewe ina historia inayofaa kukumbukwa. Ilianzishwa mwaka 1907 na ofisa wa misitu aitwaye Battiscombe ili kujaribu miti ya kigeni, kwa sababu reli ilikuwa inakula kuni na mbao kuliko misitu ya asili ilivyoweza kutoa. Leo ni hekta kama 30 tu, zimebanwa kati ya Ikulu, hosteli za Chuo Kikuu na magorofa ya Kileleshwa. Mwishoni mwa wiki inajaa wanafunzi, wapenzi, wanakwaya, na waumini wanaoomba kwa sauti wakiwa wamesimama kila mmoja chini ya mti wake. Kima wanaruka juu ya vichwa vyao. Huko chini ukingoni, pale ambapo mfereji unaishia na matope yanaanza, ndiko nguchiro anakopita. Nilikaa pale mpaka jua la adhuhuri likaanza kuchoma, na nilichokiona zaidi ni njia zake: vijia vyembamba vilivyolazwa kwenye majani, na kinyesi kilichojaa magamba ya mende.

Kabla ya hapo nilikuwa nimepitia Makumbusho ya Taifa, juu ya Museum Hill. Jengo hilo lilifunguliwa mwaka 1930 likiitwa Coryndon, lakini chimbuko lake ni mwaka 1909, wakati wapenzi wa elimu ya viumbe, Frederick Jackson akiwa miongoni mwao, walipounda chama cha kukusanya na kuandika habari za wanyama, ndege na mimea ya Afrika Mashariki. Uani amesimama Ahmed, sanamu ya ndovu wa Marsabit ambaye pembe zake zilikuwa ndefu hata Mzee Jomo Kenyatta akamwekea ulinzi wa askari kwa amri ya rais mpaka alipokufa mwaka 1974. Mabasi ya shule yalikuwa yamepanga foleni, na kila darasa lilipigwa picha mbele ya Ahmed.

Sina neno na Ahmed. Anastahili kila picha. Lakini nchi yetu imejifunza kuhifadhi kwa kutazama juu, kwenye mabega ya wakubwa. Sensa ya kwanza ya kitaifa ya wanyamapori, mwaka 2021, ilitupatia ndovu 36,280, twiga 34,240, vifaru 1,739 na simba 2,589. Ni kazi kubwa, na tuna haki ya kujivunia. Sehemu kubwa ya kazi hiyo ilifanywa kwa ndege na helikopta zikipita juu ya mbuga. Nguchiro wa gramu mia chache, chini ya kichaka cha Kileleshwa, hahesabiki namna hiyo. Na mnyama asiyehesabiwa anaweza kutoweka mtaani pasipo mtu kujua ni mwaka gani aliondoka.

Mirkati yeye anahesabiwa. Tangu mwaka 1993 watafiti walioongozwa na Tim Clutton-Brock wa Chuo Kikuu cha Cambridge wamekuwa wakizifuata familia za mirkati kando ya mto Kuruman, upande wa Afrika Kusini wa Kalahari. Wanyama hao wamezoeshwa watu kiasi kwamba hupanda wenyewe kwenye mzani kwa kupewa chembe ya yai la kuchemsha, asubuhi kabla ya kula na jioni baada ya kula. Kutokana na subira hiyo dunia imejifunza mambo ambayo hakuna filamu ingeyabuni. Mkubwa humfundisha mtoto kula nge kwa hatua: kwanza humletea nge aliyekufa, halafu aliye hai lakini ameng'olewa mwiba, mwisho kabisa nge mzima wa kupambana naye. Familia inapochimba chakula, mmoja hupanda mahali pa juu na kulinda, akitoa mlio mdogo wa kuwaambia wenzake kwamba yupo. Akiona mwewe, mlio hubadilika, na wote hutumbukia shimoni.

Hali yake porini ni njema. Orodha Nyekundu ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi ambalo ofisi yake ya kanda iko hapahapa Nairobi, Barabara ya Mukoma, imemweka mirkati katika daraja la chini kabisa la wasiwasi. Eneo analoishi ni pana na kavu, watu ni wachache, na sehemu yake imo ndani ya hifadhi kubwa kama Kgalagadi, inayovuka mpaka wa Botswana na Afrika Kusini. Pamoja na hayo, wale wanaompima kila siku hawalali. Wameona kwamba siku za joto kali watoto hawaongezeki uzito inavyotakiwa, kwamba mvua zikikosa familia nzima huporomoka, na kwamba kifua kikuu kikiingia katika kundi huweza kulimaliza. Wameona pia kwamba kupendwa kuna hatari yake. Kampuni moja ya kulinganisha bima nchini Uingereza ilipoanza kumtumia mirkati katika matangazo yake mwaka 2009, watu wakaanza kutaka kumfuga nyumbani, mpaka ikabidi mashirika ya kutetea wanyama yaeleze hadharani kwamba mnyama wa ukoo na mashimo hawezi kuishi peke yake jikoni kwa mtu.

Nguchiro mwembamba naye yumo katika daraja hilohilo la wasiwasi mdogo. Vivyo hivyo nguchiro mkia-mweupe, nguchiro wa maji, nguchiro miraba na kitafe, yule mdogo kuliko wote. Ukiisoma orodha ukiwa ofisini utafunga kitabu na kwenda kunywa chai. Lakini daraja hilo linapimwa kwa bara zima. Linasema kwamba nguchiro mwembamba hatatoweka Afrika kusini mwa Sahara, naye kweli hatatoweka. Halisemi chochote kuhusu bonde moja la Kileleshwa.

Nikashuka kwenye bonde hilo kwa miguu, kutoka lango la Arboretum hadi barabara ya Othaya. Waliokulia eneo hili wanakumbuka nyumba za bangaloo, kila moja katikati ya uwanja wake, ua wa michongoma, parachichi nyuma, na njia ya maji isiyo na mwenyewe ikipita kati ya ploti na ploti. Ua wa michongoma ulikuwa barabara kuu ya nguchiro. Alijificha ndani yake na kuvuka chini yake bila kumwomba mtu ruhusa. Sasa bangaloo zinang'olewa moja baada ya nyingine. Mahali palipokuwa na familia moja panasimama magorofa, ghorofa ya chini yote ni maegesho ya magari, na kuizunguka yote ni ukuta wa mawe uliozama futi kadhaa ardhini, juu una waya wa umeme. Sina ugomvi na watu kupata mahali pa kuishi. Jiji linakua na lazima watu walale. Ninachokataa ni ukuta unaoshuka hadi kwenye maji yenyewe. Niliuona mmoja, mpya kabisa, saruji bado ina rangi ya majivu. Umesimama ndani ya mto. Maji yanaulamba. Upande wa pili wa mto kuna ukuta mwingine kama huo, na kati ya kuta hizo Kirichwa inapita kama mfereji wa choo, haina jani wala tope la kukanyaga.

Hapo hapiti nguchiro. Kwake yeye, kuta mbili hizo zimelikata bonde vipande viwili, na aliyebaki upande wa juu hatampata mwenzi wa upande wa chini.

Kanuni zetu zinataka ukingo wa mto uachwe wazi, kati ya mita 6 na 30 kutegemea ukubwa wa mto. Haziko mafichoni. Agosti 2018 serikali ilileta mabuldoza Kileleshwa, Lang'ata na Westlands, na jengo la maduka la Ukay likabomolewa mchana kweupe kwa sababu lilikuwa limekalia mto. Watu walishangilia. Halafu mabuldoza yakarudi kambini, na ujenzi ukaendelea. Aprili na Mei 2024 mito ikaja kudai nafasi yake yenyewe. Mafuriko yaliua zaidi ya watu 200 nchini, na hapa jijini waliobomolewa nyumba kwa haraka walikuwa maskini wa Mathare na Mukuru, waliojenga kwa mabati. Ukingo ambao ungemnusuru nguchiro ndio huohuo ambao ungenusuru watu, na ninaona haya kwamba tunahitaji kuukumbushwa kwa maiti.

Matatu ya 111 inakutoa mjini mpaka Msitu wa Ngong Road. Ulipotangazwa rasmi mwaka 1932 ulikuwa na zaidi ya hekta 2,900. Shule zikamegewa, uwanja wa mbio za farasi ukamegewa, wenye nguvu wakajimegea, na barabara ya Southern Bypass ikaupasua. Leo zimebaki hekta 1,200 hivi. Lakini ukiingia ndani hatua mia moja, kelele za barabara zinazama. Mihugu na mizeituni ya porini imesimama, na ndege mkubwa wa kuwinda kima bado anaweka kiota huku. Mlinzi wa msitu niliyefuatana naye, kijana mkimya mwenye buti za mpira, alinionyesha kitu kwenye lami ya bypass pale msitu unapokatwa. Kilikuwa kimebanwa na magurudumu mpaka kikawa kama kipande cha mkeka, manyoya ya kijivu, mkia mweupe.

“Hawa ndio wengi,” alisema. “Digidigi, sungura, na hawa. Usiku gari zinakimbia, na wao hawajui barabara ni nini.”

Chini ya barabara hiyo kuna makalvati ya kupitisha maji. Moja tulilolichungulia lilikuwa limezibwa na chupa za plastiki na godoro. Lingesafishwa, mnyama angepita chini badala ya juu. Hiyo si kazi ya mabilioni wala haihitaji mfadhili kutoka ng'ambo.

Nguchiro mkia-mweupe nilikutana naye akiwa hai Karen, usiku. Ndiye mkubwa kuliko nguchiro wote, uzito wake hufika kilo nne na ushei, na hutembea gizani kwa mwendo wa mtu aliyetumwa, kichwa chini, akinusa mende na mchwa. Kwenye lango la nyumba ya rafiki zangu kuna mlinzi wa makamo ambaye amekesha hapo kwa miaka mingi. Nilimwamkia, akanipa kiti cha plastiki na chai ya thamosi.

“Huyo unayemtafuta ni wa saa nane,” alisema. “Anatoka kwa jirani, anapita hapa chini ya lango, anaenda kwa mzungu wa pale. Zamani walikuwa wawili.”

“Huyo mwingine alienda wapi, mzee?”

“Ile ploti ya kona waliweka ukuta. Halafu wakaweka dawa ya panya. Sijamwona tena.” Akafikiri kidogo. “Mimi simfukuzi. Tangu nianze kumwacha apite, nyoka sijaona hapa.”

Saa nane na dakika chache alitokea kweli. Kwanza mkia, mweupe kama chaki, ukielea gizani. Halafu mgongo uliobinuka. Alisimama taa ya lango ilipomgusa. Akainua mguu mmoja wa mbele na kuuning'iniza hivyo, kucha zikionekana, pua ikifanya kazi. Alichimba kando ya jiwe la maua, akatafuna kitu kilicholia kama njugu, akapita chini ya lango na kwenda zake. Mlinzi alinitazama kwa fahari, kana kwamba amenionyesha mtoto wake.

Dawa ya panya aliyoitaja ndiyo inayonitia hofu kuliko barabara. Panya aliyekula sumu hafi palepale. Anazubaa siku kadhaa, anatoka mchana, anakuwa windo rahisi, na yeyote atakayemla, awe nguchiro, bundi au paka, anaimeza sumu hiyohiyo. Kwa hiyo mtu anaua bure mwindaji wa panya ambaye angemfanyia kazi kila usiku bila mshahara.

Kama kuna anayedhani ukoo huu wote uko salama, na atazame kaskazini siku ya mawingu machache, wakati milima ya Nyandarua inaonekana kutoka kwenye magorofa ya Upper Hill. Kwenye misitu ile ya baridi anaishi nguchiro wa Jackson, aliyepewa jina la yuleyule Frederick Jackson wa Makumbusho. Ni wa misitu ya milimani ya Kenya na maeneo machache ya jirani, na IUCN imemweka karibu na hatari. Pwani kuna nguchiro wa Sokoke, ambaye amekwisha kuingia daraja la walio hatarini kwa sababu misitu ya pwani imekatwa mpaka imebaki visiwa. Wote wawili wamefikia hapo kwa njia ileile niliyoiona Kileleshwa: makazi kukatwa kipande baada ya kipande.

Na si kwamba Kenya ilikosa watu wa kuwatazama. Mwanasayansi Anne Rasa aliketi na vitafe katika nyika ya Taru na kueleza mwaka 1983 urafiki wao na hondohondo: ndege hao huwangoja vitafe nje ya kichuguu asubuhi, wakichelewa huwaita, kisha huwinda pamoja panzi wanaokurupushwa, na mwewe akitokea ndege ndio wanaopiga mbiu. Ni habari nzuri kuliko ya Timon, na imetokea safari ya saa chache kutoka Mombasa. Sijawahi kuiona katika kitabu cha hadithi cha shule ya msingi. Waandishi na wachoraji wetu wanayo mali hapo, bado haijaguswa.

Wewe unayeishi Lavington, Kileleshwa, Kilimani, Karen au Lang'ata, una nafasi usiyopewa na sheria yoyote. Unapojenga ukuta, acha matundu chini yake yanayotosha paka kupita. Acha ukanda wa vichaka upande wa mto, usiulime wala usiumwagie zege. Tafuta mtego wa panya badala ya sumu. Mbwa wakifunguliwa usiku, wafundishwe au wafungiwe upande mmoja. Usimuue nguchiro kwa sababu ya kuku. Jenga banda lenye wavu, kwani Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 inamlinda yeye pia, si ndovu tu. Serikali ya Kaunti nayo iweke mawe ya mpaka kando ya Kirichwa Kubwa na Kirichwa Ndogo kabla ya kupitisha ramani nyingine ya gorofa, na wanaoitunza Southern Bypass wazibue makalvati ya msituni kabla ya mvua za masika. Na ukimwona mmoja, hata akiwa amekufa barabarani, piga picha, andika mahali na saa, uipeleke idara ya mamalia ya Makumbusho ya Taifa, ili nguchiro wa Nairobi waanze kuhesabiwa.